Picha ya Sifuri

Picha ya sifuri ilipotokea kwenye skrini, mlango wa moyo wa Bosco ulikuwa umeshaanza kufunguka.

Editha aliuangalia bila kusogea kitini. Nyuma yake vijana wa kompyuta walikuwa wanapeana mikono, na mmoja alikuwa anamkumbusha mwenzake kwamba waliahidiana chipsi mayai siku picha ya ukoo wa Ngonyani ikitoka safi. Na kweli ilikuwa safi. Msimu ule wote hawakuwa wamepata picha kama ile. Mnyororo wa protini ulionekana pindo kwa pindo, umejikunja kama mkeka uliokunjwa na mtu mwenye haraka, na katikati yake upenyo mwembamba ambamo chumvi hupita ili moyo upige.

Upenyo huo ulitakiwa uwe umefungwa.

Kila aliyefanya kazi kwenye Kituo cha Mwale, pale katika tambarare kavu za Isimani, aliijua kazi hiyo, hata kama alikuwa mpishi. Protini ya mtu ilitolewa mwilini mwake, ikagandishwa kuwa fuwele ndogo kuliko vumbi la unga, fuwele zikachanganywa na jeli, jeli ikatiwa kwenye bomba la sindano la kioo. Bomba liliposukumwa, jeli ilitoka kama uzi. Leza ya zambarau ilizigutusha fuwele zikiwa bado hewani, na baada ya kitambo kidogo mno, kitambo ambacho hakina jina katika maongezi ya watu, mwale wa eksirei ulitokea kwenye handaki na kuzipiga picha. Kila fuwele ilipigwa picha moja tu, kisha ikaungua. Kitambo kikaongezwa kidogo, zikapigwa nyingine, kikaongezwa tena. Picha zikipangwa kwa mfuatano, protini ilionekana ikijinyoosha na kugeuka na kujikunja upya, kama mtu anavyoamka.

Picha ya sifuri ni ile ya kabla ya leza. Protini bado imelala. Nyingine zote hupimwa kuanzia hapo, kama safari inavyopimwa kuanzia mlangoni kwa mtu.

Kilichoigutusha protini hakikuwa leza yenyewe. Ndani ya jeli mlikuwa na dawa ya kufungulia, imefungiwa kwenye maganda madogo sana, na kazi ya leza ilikuwa kuyavunja maganda. Lakini ganda halikujua tofauti kati ya leza na jua. Ndiyo maana mabomba yalizungushiwa karatasi nyeusi, yakakaa kwenye kabati la giza, na yakafunguliwa tu ndani ya chumba chenye taa nyekundu.

Dokta Hilda Msangi, mkuu wa zamu, alipita akainama juu ya bega la Editha. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali wa saa, ambaye siku ya msiba wa Bosco, mume wa Editha, alikuja akakaa nyuma kabisa kwenye mkeka pamoja na majirani, bila kuomba kiti. Alisema picha ni nzuri sana. Akasema wataalamu wa dawa wanaisubiri, na kwamba mchana, Editha akishamaliza kuikagua, aje ofisini aweke kidole kwenye kibao cha kompyuta kuithibitisha. Kisha akamshika bega kidogo, akaenda zake.

Editha alijibu ndiyo. Alikunywa chai iliyokuwa mezani. Ilikuwa ya moto sana, na hakulijua hilo mpaka ulimi ulipoanza kukwaruza.

*

Miaka hiyo dawa za moyo zilikuwa zimeacha kutengenezwa kwa ajili ya watu wote. Zilitengenezwa kwa ukoo. Ukoo ulioomba ulipewa zamu yake kwenye mwale, protini ya marehemu wao ikapigwa filamu, na kutokana na filamu hiyo ikachongwa kabari, yaani dawa ya umbo la kuingia pale pale penye kilema na si pengine. Protini ya kuoteshwa kwenye chupa za maabara haikufaa kitu, maana haikuwa na kilema cha wenyewe. Na mwale ulikula umeme mwingi. Maji ya bwawa la Mtera yakishuka, mwale ulizimwa ili miji ipate taa. Ukoo ulioharibikiwa na zamu yake ulirudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya miaka.

Bosco Ngonyani alikuwa fundi wa kuchomelea. Nusu ya bomba kuu la handakini aliliunganisha yeye, na alipenda kuwaonyesha wageni kiungo chake kizuri kuliko vyote, akiwasisitizia wapitishe kidole waone kama watakihisi. Siku moja asubuhi aliinama mlangoni kwake kufunga kamba za kiatu, akabaki ameinama.

Ugonjwa ulikuwa kwenye ule mlango. Wa kwake ulifunguka kama wa watu wengine, ila ulichelewa kufunga. Walipompima binti yao, Luitfrida, ambaye wote walimwita Lui, walimkuta na mlango ule ule. Daktari alimweleza Editha kwa upole kwamba hatari itaongezeka mtoto akianza kukua kimsichana. Asikimbie. Asigutushwe. Basi nyumba yao haikuwa na saa ya kuamshia wala kengele, mbwa wa jirani alihamishiwa upande wa pili, na watu wa mtaa walijifunza kusimama uani wakapiga hodi kwa sauti ya chini, kama wanaoingia kanisani ibada imeshaanza.

Mtu wa kwanza kumeza kabari angekuwa Damas, kaka mkubwa wa Bosco, kule Namtumbo. Yeye pia alikuwa na kilema hicho, na alijitolea kabla ya kuulizwa. Wiki iliyopita alipiga simu kusema ameacha tumbaku ili dawa ikute mwili msafi, na kwamba mkewe sasa analalamika kuwa anaongea sana.

Kwa hiyo Editha alijua vizuri kile alichokuwa anakiangalia. Kabari iliyochongwa kwa mlango uliolala ingeusaidia mlango kufunga. Kabari iliyochongwa kwa mlango ulioanza kufunguka ingeweza kuuzuia usifunge kabisa.

Vijana wa kompyuta hawakuona kitu. Mmoja alisema kwa heshima, akijua anamwambia mjane, kwamba inaonekana kilema cha shemeji kilikuwa kikubwa, mlango ulikuwa wazi hata katika usingizi. Walikubaliana hivyo. Ilikuwa maelezo mazuri.

Editha peke yake ndiye aliyejua kwamba haikuwa kilema. Lilikuwa jua la kantini.

*

Galus Kihwele alikuwa Mhehe, na Bosco na Editha walikuwa Wangoni. Babu zao walichinjana, na kwa sababu hiyo wajukuu ni watani mpaka leo. Bosco alipofariki, Galus ndiye aliyeshika msiba. Yeye ndiye aliyeingia kaburini akalala chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka Wangoni wote wakiri mbele ya padri kuwa walikimbia vita. Yeye ndiye aliyevaa koti la kazi la marehemu akatembea uani kwa mwendo wa Bosco, bega moja limeshuka kwa kubeba mitungi ya gesi, akiwasalimia akina mama kwa sauti ya Bosco, mpaka mama mzazi wa Bosco akacheka huku anajifuta macho kwa khanga. Editha alikuwa ndani siku hiyo. Alisikia kicheko, akadhani ni kwa jirani.

Tangu hapo kila kitu cha marehemu kilipita mikononi mwa Galus. Ndivyo ilivyo. Mfiwa hagusi, mtani ndiye anayegusa. Aligawa nguo, alibeba viatu, alivunja kitanda akakitoa nje.

Kazini Galus alikuwa msukuma jeli, na Editha, pamoja na kazi yake ya skrini, alikuwa mshika ufunguo wa kabati la giza. Bomba la Bosco lilipoletwa, lina pete ya bluu kuonyesha kuwa ni la kweli na si la mazoezi, Editha alisimama mbele ya kabati na ufunguo mkononi. Hakuwa na hofu, hakuwa na huzuni pia. Mkono tu haukwenda. Akamwita Galus, akampa ufunguo, akamwambia na hili ni lako, mtani. Kanuni za Kituo zilikataza jambo hilo, lakini hakuna kati yao aliyewaza kanuni. Kaburi lilikuwa lake, sembuse kabati.

Kutoka kabatini mpaka chumba chekundu palikuwa na ukumbi mmoja tu wa kupita. Siku ya kazi Galus aliuvuka ukumbi huo, akaendelea mbele, akaingia kantini.

Kantini ya Isimani ina madirisha makubwa pande zote mbili, na saa ya chakula jua linajaa mezani. Editha alikuwa amekaa na ugali wake. Galus alivuta kiti cha mbele yake, akakifuta vumbi kwa heshima kubwa, akaliweka juu ya meza lile bomba la kioo. Alikuwa amelivua karatasi nyeusi, amelivika kofia ndogo ya karatasi, kofia ya fundi, imepinda upande mmoja kama Bosco alivyozoea.

"Shemeji, mumeo huyu," alisema. "Ananiambia tangu aondoke hamjampelekea hata kijiko."

Watu wakageuka. Editha alilitazama bomba, akaitazama kofia. Aliiona pete ya bluu.

"Mwambie asubiri," alisema. "Kila siku anakula kabla ya wenzake."

Akalisogeza bakuli la maharage mbele ya bomba.

Kantini nzima ilicheka. Editha naye alicheka, ugali ukiwa bado mdomoni, mpaka akapaliwa, na Galus akampiga mgongoni huku akimgombeza marehemu kwamba ameanza tena kumliza mke wa watu. Walikula hivyo, watatu. Wale wengine waliona bomba la mazoezi lenye jeli ya mazoezi, maana mabomba ya mazoezi yalizagaa kila mahali, na nani angeangalia rangi ya pete. Baadaye Galus alilifunga tena karatasi nyeusi, akalipeleka chumba chekundu.

Toka Bosco ainame pale mlangoni, kicheko hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi Editha. Hakikurudi tena.

*

Alimkuta Galus kwenye karakana ya jeli, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasafisha pua za mabomba kwa waya. Galus hakungoja salamu. Alisema amesikia picha ya Mngoni imetoka nzuri na kwamba jambo hilo limemtia wasiwasi, kwa sababu alipokuwa hai Bosco hakuwahi kutoka vizuri kwenye picha hata moja, hata ya kitambulisho walimrudisha.

Editha alivuta ndoo nyingine akakaa.

"Siku ile kantini," alisema. "Pete ilikuwa ya bluu."

"Na kofia je? Umesahau kofia. Nilihangaika nayo ile."

"Galus. Mlango umefunguka kwenye picha ya sifuri."

Waya ukasimama. Editha aliona maneno yanavyoingia, polepole, kwenye uso wa mtu aliyekuwa amejiandaa kucheka. Galus aliijua kazi yake. Alikuwa ameshika mabomba ya namna ile kwa miaka mingi, na hajawahi kuvua karatasi ya hata moja nje ya taa nyekundu. Alijaribu kueleza, akaanza mara mbili. Mwishowe alisema kwamba siku ile hakuwa amebeba sampuli. Sampuli asingeitoa. Alikuwa amembeba Bosco.

Editha alisema anajua.

Galus akauliza ni nani mwingine ameona. Editha akamwambia hakuna, wote wanadhani ndio ugonjwa wenyewe.

"Basi ndio ugonjwa wenyewe," Galus alisema.

Akainuka, akafunga mlango wa karakana, akarudi kukaa. Alizungumza kwa sauti ndogo, bila mzaha hata kidogo, na Editha alitambua kwamba hajawahi kumsikia akizungumza hivyo. Alisema hajitetei yeye. Wakimfukuza atarudi Kilolo akalime viazi, mtu hafi kwa kulima viazi. Lakini zamu ikifutwa leo, Lui atasubiri mpaka lini? Jeli imekwisha. Moyo wa Bosco umekwisha. Mlango ni ule ule, uwe umefunguka kidogo au haukufunguka. Huenda kabari ikafaa.

"Inaweza kufaa?" aliuliza. "Wewe ndiye unayejua. Niambie hapana nami ninyamaze."

Editha alifikiri kwa haki, kama mtu anayeulizwa habari ya ukoo mwingine.

"Inaweza."

"Si unaona."

"Inaweza pia kuuachia mlango wazi. Damas atakaa chini kula, na hatainuka."

"Damas ni mtu mzima, amekula chumvi nyingi. Amekubali mwenyewe."

"Amekubali kabari. Jua la kantini hakuna aliyemwambia."

Galus aliushika waya tena, akaupinda, akaunyoosha. Akasema basi amshitaki. Aende kwa Msangi aseme Mhehe amelitoa bomba nje, liishe. Hakulisema kwa hasira. Editha alimwangalia mtu aliyelala kaburini kabla ya mumewe ili mumewe asiwe wa kwanza kulala pale. Hakuna kesi ya mtani msibani, tangu dunia ianze. Angempeleka wapi, na angemwita nani?

"Sikushitaki," alisema. "Nitasema la kwangu."

"Ukisema la kwako, Lui anasubiri."

"Ndiyo."

"Na unaweza kulala?"

Editha alisema analala vizuri tu. Tatizo lake halikuwa usingizi.

*

Ofisini kwa Dokta Msangi kibao kilikuwa tayari mezani, kimewashwa, picha ya sifuri juu yake na chini yake nafasi ya kidole. Dokta alikuwa anakula karanga. Alimkaribisha, akamsogezea, akamwambia Mama Lui weka kidole tu hapa, tukawahi kabla ya wale watu wa dawa kwenda kula.

Editha aliuangalia mlango wa moyo wa Bosco kwa mara ya mwisho. Ulikuwa mzuri. Kama angepitisha kidole asingehisi kiungo.

"Hii si ya sifuri, Dokta," alisema.

Msangi alivaa miwani. Akasema huo upenyo ameuona, ndicho kilema chenyewe, mlango haufungi. Editha alimjibu kwamba kilema chao ni kuchelewa kufunga, na huu umeanza kufunguka, ni vitu viwili. Akamwonyesha pindo la tatu la mnyororo lililogeuka upande ambao halitakiwi kugeuka kabla ya dawa ya kufungulia kulifikia. Akasema maganda yalivunjika kabla ya leza. Bomba lilikaa juani.

Kisha akaeleza yote: ufunguo, ukumbi, kofia, maharage. Alieleza kwa mfuatano kama anavyoeleza hitilafu ya pampu. Alisema ufunguo ulikuwa wake na aliutoa mwenyewe, na pete ya bluu aliiona kwa macho yake na hakusema neno.

Dokta Msangi hakumkatiza. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

Msangi alivua miwani, akaiweka juu ya karanga bila kuangalia. Alisema yeye ni Mpare, na baba yake alipokufa Wachaga walikuja wakakaa juu ya jeneza, wakadai hawaondoki mpaka waambiwe yule mzee bahili aliificha wapi hela yake. Walikaa hivyo mpaka watu wakachoka kulia. Alisimulia hayo akiangalia dirishani. Halafu sauti yake ikarudi ya kazini. Zamu ya ukoo wa Ngonyani imeharibika. Filamu itafutwa, wataalamu wa dawa wataambiwa leo. Maji ya Mtera yameshuka, siku zilizobaki za mwale watapewa wengine. Editha hatakaa kwenye skrini mpaka baraza likae, na Galus atoke kwenye karakana ya jeli. Kanuni hazina mahali pa kuuweka utani, na yeye hana uwezo wa kupatengeneza leo.

"Nisingeona," alisema baadaye. "Unalijua hilo? Ningepokea, ningeituma."

"Najua, Dokta."

"Una mtoto."

"Najua."

Mlango uligongwa. Galus alikuwa amenawa, amechomekea shati, anashikilia kofia yake kwa mikono miwili. Alisema amekuja kusema kwamba bomba alilitoa yeye. Msangi alimwambia limeshasemwa. Galus akaitikia, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama pale kama mtu aliyefika msibani akakuta wamekwisha kuzika.

Walitoka pamoja mpaka ukumbini. Galus alimgeukia, akafungua mdomo. Editha alimngojea. Mdomo ukafunga. Walitembea hivyo mpaka mwisho wa ukumbi.

Kabla ya kutoka langoni alimpigia simu Damas. Alimweleza kwa maneno machache. Kuku walisikika nyuma ya Damas, kisha akasema asante shemeji, akauliza mtoto amekula nini shuleni.

*

Lui alikuwa anamngojea kwenye lango la shule, mkoba mgongoni, soksi moja imeshuka. Kutoka hapo mpaka nyumba za wafanyakazi ni njia ya vumbi inayopita katikati ya vichaka vya miiba, na alasiri ile upepo ulikuwa umetulia. Walisalimiana. Lui alieleza kwamba wamefanya jaribio la hesabu na kwamba mwalimu anapiga chafya kama pikipiki inayogoma kuwaka, ila humwonyesha Lui kidole kwanza ili asigutuke. Kisha akauliza kama wamemwona baba.

Alikuwa anajua kuwa ni leo. Ukoo mzima ulijua.

"Hatukumwona," Editha alisema. "Tuliona jua."

Lui alisubiri. Editha akamweleza. Hakumficha kitu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kupanga kipi kifichwe. Alimwambia habari ya kantini, ya kofia, ya mlango uliofunguka kabla ya wakati, na kwamba amekwenda kwa Dokta Msangi akasema, na sasa zamu imefutwa.

"Na dawa?"

"Hakuna dawa kwa sasa."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama. Tutarudi kwenye foleni. Pengine protini ya baba mkubwa itatumika, siku atakapotuacha, akiwa ameshakuwa mzee sana. Sijui."

Lui alitembea hatua kadhaa akiangalia viatu vyake. Alikuwa na miguu mirefu kama ya Bosco, na mwaka huo ilikuwa inarefuka kila mwezi.

"Wengine walikuwa hawajaona?"

"Hawajaona."

"Hata Dokta?"

"Hata Dokta."

"Sasa kwa nini hukunyamaza?"

Aliuliza kawaida kabisa, kama anavyouliza kwa nini hawakununua mkate. Editha alimwambia kwamba baba mkubwa Damas ndiye angemeza kwanza. Alidhani hilo litatosha. Lui alimpenda Damas kupita watu wote wa Namtumbo. Likizo walicheza bao mpaka taa inawashwa.

Lui alisimama. Uso wake ulikunjika, ukakunjuka.

"Mimi je?" alisema.

Akageuka akaondoka. Kwanza alitembea. Kisha hatua zikawa ndefu, mkoba ukaanza kuruka mgongoni, na Editha akaona visigino vya mwanawe vinanyanyua vumbi.

Jina la mtoto lilimjia mdomoni zima zima. Alilizuia kwa meno. Kumwita kwa nguvu kulikuwa ni kumgutusha. Kumkimbilia kungemfanya akimbie zaidi. Basi alimfuata kwa hatua za haraka zisizo na kishindo, viatu akiwa amevivua na kuvishika mkononi, miiba midogo ya njiani ikiingia nyayoni, macho yake kwenye mkoba ule mwekundu unaoruka, unaoruka, unaoruka.

Mbele, penye njia panda ya kwenda kwenye handaki, mkoba uliacha kuruka.

Lui alikuwa amesimama mwenyewe. Alikuwa amempa mama yake mgongo, mkono mmoja umeshika mbavu, anapumua kwa mdomo kama alivyofundishwa. Hakuketi. Hakuanguka. Editha alimfikia. Aliweka kiganja mgongoni kwa mtoto, chini ya mkoba, pale shati lilipolowa jasho.

Moyo ulipiga. Ukakaa. Kiganja chake kilingoja, na katika kungoja huko alihisi kila kitu kwa pamoja, jasho, mfupa, mwiba kwenye unyayo, ulimi wake ulioungua asubuhi. Mlango ulichelewa. Kisha ukafunga, na moyo ukapiga tena.

"Usitoe mkono," Lui alisema bila kugeuka.

Hakuutoa.